Leo Aneth anamwambia baba

Makambako, Ijumaa, mwezi wa saba. Upepo tangu asubuhi, na ukungu umekataa kuondoka.

Sasa hivi Faraja ameingiza kichwa kwenye mkono wa sweta ambao haujaungwa bado, akakwama humo. Akawa anatembea kibarazani bila macho, vidole mbele, anasema "mama giza, mama giza," mpaka akagonga magoti ya babu yake. Babu akauvuta ule mkono taratibu. Zikatoka nywele, yakatoka macho, kikatoka kicheko. Mwanangu huyu hajatimiza miaka mitatu, na kila kinachofanana na shimo lazima akijaribu.

Babu naye amecheka. Nimeshukuru, maana tangu ateremke kwenye basi hajacheka.

Babu ndiye baba yangu mzazi. Ametoka kijijini kwetu, upande wa Lupembe, ameacha chai shambani na mama anachuma peke yake. Amekuja kumpandisha mdogo wangu Aneth basi la kesho la Dar es Salaam. Aneth amemaliza chuo kikuu juzi juzi tu. Mpango wa baba ni kwamba akakae kwa shangazi, atafute kazi ya ofisini.

Aneth hataki kwenda. Anataka kubaki hapa na mimi tufume masweta.

Baba hajui. Atajua leo. Pengine anajua sasa hivi, wakati naandika mstari huu.

Mimi nimeketi ndani kwa Mama Shabani. Mama Shabani ni mtu wa Kondoa, alikuja Makambako na mumewe zamani wakiuza nguo, sasa ana hili duka la steshenari lenye mashine ya fotokopi na kompyuta moja yenye intaneti. Mashine yangu ya kufumia ipo kibarazani kwake. Akienda kuswali mimi namshikia duka, na yeye ananiruhusu kuandika shajara yangu hii ya mtandaoni bila kulipa. Ameenda kuswali alasiri. Mlango uko wazi, na wao wawili wako hatua chache kutoka hapa, kwenye benchi, karibu na mashine yangu.

Ningeweza kwenda kuketi nao. Aneth amenizuia. "Dada, ukiwepo nitakuangalia wewe badala ya kumwangalia baba."

Basi nipo hapa. Vidole vyangu havijui kukaa bure, ndiyo maana naandika.

*

Wewe unayesoma, kama upo, labda huelewi kwa nini jambo dogo hivi linanitisha. Mtu kachagua kazi yake, kuna nini?

Nikueleze kwetu.

Baba aliishia darasa la nne. Katika ujana wake, kijana akimaliza chuo serikali ilimpangia kazi, jina lake linasomwa redioni, kijiji kizima kinasikia. Mpaka leo baba anaamini kusoma kunaishia hapo, kwenye jina kusomwa. Sasa ni soko huria, na redio inasoma matangazo ya sabuni. Lakini baba bado huongeza sauti ikifika saa ya taarifa.

Halafu kuna mnada.

Kwetu ibada ikiisha hatutawanyiki. Tunatoka nje, na vile vilivyotolewa sadaka, maboga, mayai, viazi, kuku, vinanadiwa pale pale mlangoni pa kanisa. Mzee wa kanisa anakiinua kitu, anataja bei, watu wanapandisha. Ukikinunua unaweza kwenda nacho nyumbani. Au unasema "kinadiwe tena," nacho kinarudi mezani, na fedha yako imebaki kwa Mungu.

Mwaka Aneth alipochaguliwa kwenda chuo, mama mmoja mjane alitoa jogoo mwekundu kwa ajili ya safari yake. Jogoo yule alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa, akarudishwa. Watu ambao siku za kawaida wanabishana bei ya fungu la mchicha walikuwa wananunua jogoo wasiyemhitaji. Mwishowe mzee wa kanisa akasema, "Jamani, huyu naye ana shingo, mwacheni apumzike." Kwa jogoo yule Aneth alinunua godoro na sanduku la bati.

Kwa hiyo mdogo wangu si wa baba peke yake. Ni wa watu wote waliomshika yule jogoo miguu.

Utawaambiaje watu kama hao kwamba umesoma, umemaliza, na sasa unafuma masweta na dada yako aliyeishia darasa la saba?

*

Alipokuja kutoka chuoni hakuja peke yake. Alifuatana na wenzake wawili, Devota wa Songea na Salma wa Mbeya. Makambako ni njia panda, kila anayekwenda kusini analala au anakula hapa. Walilala kwangu usiku mmoja, Baba Faraja akiwa safarini na lori la mbao, tukajipanga kwenye kitanda kama viazi kwenye tenga.

Napenda kuwasikiliza wasomi wakiongea. Sauti zao zina nafasi ndani yake. Mimi nilikuwa nashonea kola, Faraja amelala mgongoni, na wao wanakunywa chai, miguu imeingizwa kwenye blanketi langu moja.

Aneth ndiye aliyeanza. Akauliza tu, kama mtu anayeuliza saa, nani kati yao angeanzisha biashara yake mwenyewe.

Devota akacheka. "Mimi? Nimesoma somo la ujasiriamali, nimeandika mpango wa biashara kurasa ishirini, mwalimu akanipa alama ya juu kabisa. Kiwanda cha juisi. Kina wafanyakazi, kina gari la kusambazia. Nimekiacha kwenye droo ya mwalimu."

"Kwa nini usikitoe?"

"Nikitoe na nini, Aneth? Kwenye karatasi mtaji unaandika tu. Halafu msichana akiwa na biashara inayokwenda, wanauliza nani kampa. Akiwa na mshahara hakuna anayeuliza."

Salma akaweka kikombe chini. Ana uso wa upole, ile aina ya watu wanaokunja kanga kabla ya kuilalia. Akasema, "Mama yangu ameuza vitunguu sokoni tangu sijazaliwa. Ameuza ili mimi nisiuze. Nikirudi nikamwambia mama, nimefikiria, nataka kuuza, si atakaa chini pale pale?"

Aneth akavuta blanketi, akamfunika Salma miguu.

Devota akanigeukia. "Dada, wewe unasemaje? Huyu mtoto mgongoni ungependa afanye nini akikua?"

Nikafungua mdomo niseme afume, awe na mashine zake kumi. Nikajikuta nimesema, "Ofisi."

Wakacheka wote, hata Aneth. Mimi nikacheka nao. Lakini baadaye, nikiwa nimelala ukingoni mwa kitanda, lile neno lilikuwa linanikwaruza. Mimi ninayeipenda kazi yangu. Mimi ninayefurahi nikisikia kile kigari cha mashine kinapita juu ya sindano, krrr, krrr, na kitambaa kinashuka chini kama mvua ya pole pole. Mwanangu nimemtakia ofisi bila hata kufikiri.

Kama mimi nasema hivyo, baba atasema nini?

Asubuhi Salma, kabla ya kupanda basi, alirudi kutoka barabarani akashika sweta lililokuwa linaning'inia. Akaliweka kifuani. Akaniambia, "Zuri sana, dada." Halafu akamwambia Aneth kwa sauti ndogo, "Ukifanikiwa uniandikie. Lakini ufanikiwe kwanza."

*

Ngoja nichungulie.

Bado wanaongea mambo ya mbolea. Aneth anazunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba anamweleza kwamba lori la kukusanya majani ya chai lilichelewa tena juzi, majani yakapata joto yakaharibika kwenye magunia. Aneth anaitikia ndiyo baba, ndiyo baba. Faraja ameketi kwenye kiatu cha babu.

Narudi.

*

Wazo la kupeleka sweta kwenye mnada lilikuwa langu, na nililiona ni wazo zuri mno.

Aneth alikuwa amejifunza mashine kwa siku chache tu. Ana mkono mwepesi, na ana jicho la kuzijua rangi. Aliwahi kupelekwa Kitulo, kwenye hifadhi ya maua kule juu milimani, na wenzake wa chuo, wakati wa maua, na mpaka leo akieleza anafumba macho. Anasema unatembea kwenye nyasi, kumbe si nyasi, ni njano, na chini ya njano kuna zambarau, na ukungu unapita juu yake kama mtu anayevuta shuka. Basi akafuma sweta lile. Mwili wa kijani iliyoiva, na kifuani mistari myembamba, njano, zambarau, nyeupe ya ukungu. Nililitazama nikasikia baridi ya kule juu ambako sijawahi kufika.

Nikamwambia, toa shukrani yako ya kumaliza chuo kwa sweta hili. Wote wataona. Bei itapanda, baba ataona kwa macho yake kwamba kazi ya mikono yako ina thamani, na hapo ndipo umwambie.

Tukaenda nyumbani Jumapili. Mzee wa kanisa akaliinua lile sweta juu, jua likatoka kidogo kama limeitwa, na watu wakaanza kupandisha. Bei ikapita bei yangu ya kibarazani. Ikaipita tena. Mimi moyoni nilikuwa nimeshajenga nyumba, nimeshaweka bati. Aneth alinishika mkono, vidole vyake vya moto.

Mara baba akasimama. Baba yangu, ambaye ana koti moja la ibada na nalo limebadilishwa kola na mimi. Akataja bei ambayo hakuna aliyethubutu kuipandisha. Mzee wa kanisa akasema, "Limekwenda."

Baba akalichukua, akalikunja, akatembea mpaka tulipokuwa tumesimama. Akamvalisha Aneth mwenyewe, kama alivyokuwa akituvalisha tukiwa wadogo. Akawageukia watu.

"Avae ofisini. Nasikia huko kuna mashine za baridi."

Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa akasema, "Mungu akupe ofisi yenye dirisha kubwa, binti, ututazame na sisi." Wote wakasema amina.

Na Aneth akasema amina. Angesema nini?

Tulikuwa tumekosea kitu ambacho mimi, niliyelelewa mlangoni pale pale, sikupaswa kukikosea. Kwenye mnada wa kanisa hakuna anayenunua sweta. Wananunua baraka, wanamnunulia mtu safari yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sweta hili linafumwa wapi, au kama lipo la kumtosha mtoto wake. Jogoo yule mwekundu hakuwa na thamani ile. Na sisi tulikuwa tumechukua bei ya upendo tukaiona ni bei ya soko.

Njiani kurudi Aneth alilivaa lile sweta mpaka Makambako, na kwenye basi kulikuwa na joto.

*

Lipo jingine, nalo nimesitasita kuliandika.

Wiki ile ile alikuwa kibarazani anafuma, mimi nipo ndani nampimia mtoto wa mteja. Basi la Songea likasimama, abiria wakashuka kunyoosha miguu, na mmoja wao alikuwa mwalimu wake wa sekondari. Nikamsikia yule mwalimu akisema, "Aneth? Si uko chuo kikuu wewe? Unafanya nini hapa?"

Na mdogo wangu akasema, "Namshikia dada tu, mwalimu. Hii ni ya dada."

Ni kweli, mashine ni yangu. Lakini kitambaa kilichokuwa kinaning'inia hapo kilikuwa cha kwake, mstari kwa mstari.

Nilimpima yule mtoto kifua mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuiona namba.

Jioni, tukimenya viazi, alisema bila kunitazama, "Umesikia, dada."

"Nimesikia."

"Sioni aibu kufuma. Naona aibu kuulizwa. Wakiniuliza unafanya nini, wanakuwa wameshaweka uso wa kunihurumia kabla sijajibu. Najikuta nautafuta ule uso uondoke."

Nikamwambia hata mimi huo uso naujua. Tangu darasa la saba naujua.

Akaacha kumenya. Akaniambia kwamba kule chuoni wasichana wengi wanaongea kama Devota na Salma, na wengine vibaya zaidi. Kwamba biashara ni ya aliyefeli, au ya mke wa tajiri. Kwamba utaanza ukipata mtaji, ukipata kazi kwanza, ukipata mume anayeelewa. Daima ukipata kitu. Alisema naye aliongea hivyo miaka yote mitatu, kwa sauti kubwa kuliko wote. "Halafu nikakaa kwenye mashine yako, nikasukuma ule mstari wa kwanza, nikauona unashuka. Dada, mimi sijawahi kufanya kitu nikakiona."

Hapo nilimsamehe, kama kulikuwa na cha kusamehe.

*

Na sasa niseme ukweli wangu mimi, kwa kuwa shajara bila ukweli ni barua ya kuomba kazi.

Namtaka Aneth abaki kwa ajili yangu.

Masweta ya mtumba yanashuka hapa kwa marobota. Ni mazuri, laini, mengine yana vifungo vya mfupa. Peke yangu siwezi kushindana nayo. Ninachoweza ni masweta ya shule, maana mtumba hauji kwa rangi ya shule. Na shule mpya za sekondari zinajengwa kila kata, na watoto wetu wa huku wanaamka na umande ulioganda barafu. Lakini kuingia ofisi ya mkuu wa shule mimi naogopa. Nikifika mlangoni nasahau hata jina langu.

Aneth aliingia. Wiki iliyopita alivaa sketi yake ya chuo, akaenda shule moja huku juu, akakaa na mkuu wa shule mpaka chai ikaletwa. Akarudi na kipande cha kitambaa cha rangi yao, rangi ya damu ya mzee. Wanataka sweta moja la mfano walione kwenye kikao cha shule. Hawajaahidi. Wamesema tu leteni tuone.

Usiku ule sikulala kwa kuona picha. Naona jengo lenye madirisha marefu, si makubwa sana, bati jekundu. Mashine zimepangana mistari miwili. Wasichana wetu wa huku wamekaa, wengine wameishia darasa la saba kama mimi, wanaimba sauti nne huku vigari vinakwenda krrr, krrr, pamoja, kama lile pambio linalopanda taratibu. Mlangoni kuna bango. Sijawahi kuona kilichoandikwa kwenye lile bango. Kila nikisogea ukungu unapita.

Nimeona pia Salma anaingia na mfuko, anasema nimekuja kuona. Sijui kwa nini naye nimemuona.

Lakini je, ni haki? Mtu amesoma kwa jogoo wa watu, nami namkalisha kibarazani kwa ndoto yangu? Baba Faraja aliniambia kwa simu, "Mwache achague, usimvute." Simvuti. Au namvuta na sijui. Mtu anayefumba macho akiota anajuaje mkono wake umeshika nguo ya nani?

*

Mambo ya mbolea yameisha.

Nilisikia Aneth anasema, "Baba, kesho sitasafiri." Kiswahili kabisa, sio Kibena chetu cha nyumbani. Kumbe akiogopa anaongea Kiswahili.

Baba amemnyanyua Faraja kutoka kwenye kiatu, akamweka pembeni. Lori linapiga honi barabarani.

*

Aneth amekuwa akieleza kwa muda. Ameeleza shule, ameeleza rangi, ameeleza mashine ya pili ambayo tunaweza kuipata kwa yule sista mstaafu aliyenifundisha kufuma. Sauti yake ilianza kama ya mtu anayesoma somo kanisani, sasa imekuwa ya kwake.

Baba amesema, "Kwa hiyo umesoma miaka yote ile uje ukae na Edina."

Edina ni mimi. Hakulisema vibaya. Alilisema kama mtu anayehesabu mifugo jioni na kuona mmoja hayupo.

Aneth akasema, "Nimesoma, baba. Kilichosomwa hakirudi. Nakaa nacho hapa."

"Kazi zipo. Hujatafuta hata siku moja."

"Zipo, baba. Na nikienda, mimi na wenzangu mia tutakuwa nje ya mlango mmoja. Ningeenda ningesubiri. Naogopa kusubiri kuliko ninavyoogopa hii."



Faraja amesema, "Babu baridi?" Anamfunika magoti na ule mkono wa sweta.

*

Baba amesema jambo ambalo sikulitegemea, na limenitoa machozi hapa mbele ya kompyuta ya watu. Nilidhani anakasirikia biashara. Amesema, "Mimi biashara siichukii. Chai ninayochuma naipeleka wapi, si nauza? Lakini wale watu. Yule mama mjane ananiuliza kila Jumapili, binti yetu amepata? Nitamwambia nini? Nitapita mlango upi wa kanisa?"

Kumbe hilo ndilo. Amekuwa analibeba hilo tangu ateremke kwenye basi, na mimi nilidhani ni uchovu wa safari.

Aneth naye analia, nasikia anavyovuta pumzi. Lakini amejibu. Amesema, "Usiwaambie wewe, baba. Jumapili nitasimama mimi. Nitawaambia mwenyewe nilichochagua. Na kama kuna anayeona nimemla jogoo wake bure, aseme mbele yangu."

"Utasimama."

"Nitasimama."

"Mbele ya wote."

"Mbele ya wote, baba."

Baba anakohoa. Ana kikohozi kirefu akiwa anafikiri, mama humwambia ndicho kinamsaidia kuhesabu. Mama Shabani anarudi, namwona anavuka barabara na ushungi wake mweupe unapeperushwa, anatazama kibarazani, amejua kuna jambo, amepunguza mwendo ili asiingilie. Mungu ambariki.

Mimi kama nitakuwa na nguvu Jumapili nitakaa benchi la nyuma, nimfiche Faraja mapajani, na nitamwombea Aneth asisahau maneno. Hilo ndilo naweza. Nimewahi kuombwa nisome tangazo moja tu la akina mama, nikasema ninaumwa koo.

Baba ananiita.

"Edina."

Nimeitika abee. Amesema, "Acha hiyo mashine ya Mama Shabani uje hapa. Sijasema nimekubali. Lakini huyu hatasimama peke yake. Masweta mnafuma wawili, na kuyasema mtayasema wawili."

Mimi. Mbele ya watu wote. Naogopa, na bado nataka kucheka. Nitavaa nini? Nitaanzaje, bwana Yesu asifiwe, halafu? Watauliza, huyu msomi tunamjua, na wewe Edina katika kiwanda hicho ni nani? Nitawaambia

"Edina, njoo mwanangu, na mtoto amekwama tena."

Naja, baba. Nitawaambia kwamba mimi ni...